Gari la Mbio, Mombasa hadi Nairobi: Litambeba Nani?



Leo twataka kuzungumza habari ya reli. Wako wenzetu wasemao, "Mombasa yakua, Nairobi yakua, basi na tujengewe gari la mbio, mtu aende na kurudi siku moja." Neno hilo si la kuchekwa. Lakini kabla ya kupiga makofi, na tupige hesabu.

Reli mpya tunayo tangu 2017. Urefu wake ni kama kilomita 472, na gari la abiria huenda hadi kilomita 120 kwa saa; safari ni kama saa tano. Gari la mbio hasa ni lile la kilomita 250 au zaidi. Katika Afrika, Moroko ndiyo iliyotangulia, Novemba 2018, kutoka Tangier hadi Casablanca. Kwenye njia yake mpya lafika kilomita 320, na safari iliyokuwa karibu saa tano imekuwa saa mbili na dakika chache.

Hayo ni mazuri. Tena wanaolitetea wana hoja ya kweli: abiria wakipewa njia yao, njia ya kwanza yabaki wazi kwa mizigo. Lakini hapo ndipo gharama ilipo. Gari letu la mizigo huenda kilomita 80. La mbio haliwezi kufuata nyuma yake, wala haliwezi kupita kwenye kona kali. Basi si kununua injini mpya tu. Ni kujenga njia nyingine nzima, yenye umeme wake, kutoka pwani kupanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Nani atalipa? Reli ya 2017 ilijengwa kwa mkopo, sehemu kubwa kutoka China. Tangu 2013 bidhaa ziingiazo nchini hutozwa ushuru wa reli, na anayenunua kitu cha ng'ambo huuchangia hata kama hajakanyaga stesheni. Nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 1,000. Januari 2024 ikapandishwa kuwa 1,500.

Tusisahau na 2019, serikali ilipoagiza makasha yasafirishwe kwa reli. Madereva, utingo na wenye hoteli ndogo za njiani walipoteza riziki, na watu wa Mombasa wakaandamana. Ilikuwa 2022 ndipo ikaamriwa shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandarini.

Tena stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, na ya Nairobi iko Syokimau. Mtu akipunguziwa saa tatu relini, kisha akazipoteza ndani ya matatu huku na huku, amepata nini? Mfanyi kazi hahesabu safari toka stesheni hadi stesheni. Huhesabu toka mlango wa nyumba yake hadi geti la kazi. Na kibarua wa Changamwe kila asubuhi haendi Nairobi, aenda kazini.

Basi msimamo wetu ni huu. Hatusemi gari la mbio lisijengwe kamwe, twasema lisitangulie.

Kwanza, magari ya abiria ya asubuhi na jioni yafike mitaani tunakokaa.

Pili, nauli ya chini ilingane na mshahara wa kibarua.

Tatu, watakaopoteza kazi barabarani waitwe mezani kabla ya mkataba kutiwa sahihi, si baada yake.

Nne, mkataba wa mkopo usomwe na wananchi, maana ndio watakaoulipa.

Yakitimizwa hayo, njia hiyo tutaijenga kwa mikono yetu wenyewe.

Nendeni mkayazungumze katika matawi yenu. Mtu akiwaambia kwamba Chama chapinga maendeleo, mwulizeni jana alifikaje kazini, na kwa shilingi ngapi.