Tanga au Lushoto: Makazi ya Mstaafu Asiye na Jamaa



Sisi tusio na mke wala mtoto, siku ya kutua kalamu tutakwenda wapi? Lushoto uko katika milima ya Usambara, kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari. Baridi yake huburudisha, na mboga ni tele. Tanga una joto, lakini una Hospitali ya Bombo, na njia zake tambarare zafaa magoti ya uzee.

Walakini hewa njema haibishi hodi, wala daktari hajui kwamba mlango haukufunguliwa tangu jana. Basi tuchague mtaa ambao watu watatuulizia tusipoonekana alfajiri. Na ujirani huo hupandwa wakati wa likizo, kabla ya pensheni.