Pori Linalorudi na Pori Lisilorudi



Katika yubile hii tunahesabu miaka ya parokia. Inafaa tuhesabu vilevile miaka ya inchi tunayoikanyaga, kwa maana nayo imegeuka chini ya mikono ya watu.

Mwaka 1910, mji wetu wa Lubumbashi ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, pori la miombo lilikuwa kila upande. Wazee walipata humo asali, uyoga na vinkubala. Mwaka 1911 tanuru la shaba likawashwa. Upepo wa kusini-mashariki ukapeleka moshi wake kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Upande ule miti ikafa, udongo ukajaa shaba, na hata moshi ulipopungua, pori halikurudi. Pamebaki majani mafupi na udongo mtupu.

Kazi nyingine ni yetu wenyewe: makala. Leo wakaaji wa mji wanapita milioni mbili, na wengi wanapikia makala. Katika tanuru la udongo, kilo 10 za miti zinatoa kilo 1 ao 2 tu za makala. Kwa hiyo shoka linaenda mbali zaidi kila mwaka, na mara nyingi nyuma yake linafuata jembe la kulima mahindi.

Hapo lakini pana tumaini. Miti mingi ya miombo ikikatwa haifi; kisiki na mizizi vinachipuka. Pakiachwa miaka 20 ao 30, pori linaanza kusimama tena. Kinacholiua ni kurudi upesi kukata machipukizi, kung'oa visiki, na kuchoma majani mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati yote yamekauka na moto ni mkali kupita ule wa Mei ao Juni.

Tusimhukumu mchoma makala anayelipa masomo ya watoto wake kwa jasho lake. Gunia lake tunalinunua sisi. Tunaomba tu: mwenye kukata aache visiki; mwenye kuchoma majani achome mapema; mwenye shamba kubwa aache kipande kipumzike hadi miti ikomae.

Tumepewa inchi tuilime na kuitunza. Kulima tunajua sana. Wajukuu wetu watatuuliza juu ya kutunza.

Mungu awabariki wote.