Picha Ikitoka Thika Isifike Ruiru

Wakazi wenzangu wa Kaunti ya Kiambu, nimeombwa nieleze jambo ambalo mafundi wetu hulizungumza kwa maneno magumu. Tuseme kikao cha maoni ya bajeti kinapeperushwa kutoka Thika. Skrini za Thika zinaonyesha vizuri, lakini wakazi waliokusanyika ukumbini Ruiru wanatazama kioo cheusi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwawezesha wananchi kushiriki. Mtu wa Ruiru asiposikia hoja ikitolewa, atachangia nini?

Mbona basi tusiitumie kila skrini picha yake? Ni hesabu tu. Picha moja ikila megabiti 4 kwa sekunde, skrini 60 za Ruiru zitakula megabiti 240 kwenye laini ileile. Maltikasti hubeba nakala moja tu, ikagawanywa ikishafika. Ni kama kutuma tangazo moja la baraza, kisha nakala zitolewe mtaani.

Shida ni kwamba ruta nyingi, zikiachwa zilivyotoka dukani, hazipitishi maltikasti kwenda mtandao mwingine. Lazima ziamriwe, kwa kawaida kwa itifaki ya PIM: ya Thika, ya Ruiru na zote za katikati. Na kama mmeunganisha miji hii kwa intaneti ya kawaida, mjue haibebi maltikasti. Itabidi ipitishwe ndani ya taneli.

Anayetafuta kosa aanzie kwa mtumaji. Programu isipobadilishwa, mara nyingi hutuma pakiti zenye TTL ya 1, nazo hufia kwenye ruta ya kwanza. Hapo utahangaika Ruiru siku nzima bure. Angalia pia anwani: zinazoanza na 224.0.0 hazivuki ruta kamwe. Kwa matumizi ya ndani chagua zinazoanza na 239.

Kisha nenda kwa mpokeaji. Picha ikionekana kwa dakika nne na ushei halafu ikakatika, usilaumu faiba. Swichi inasubiri kusikia nani bado anaitaka picha, na hakuna kifaa kinachouliza. Sekunde 260 zikipita, inahesabu kwamba wote wameondoka. Washa muulizaji wa IGMP kwenye ruta au swichi.

Kosa ninalolichukia zaidi huja penye laini mbili, tuseme faiba na redio ya akiba. Ruta ya Ruiru hujiuliza: mimi nikitaka kumfikia mtumaji wa Thika, ningepitia wapi? Ikiwa jibu ni redio, na picha imeingia kwa faiba, inaitupa kimyakimya. Ping inajibu, barua pepe zinapita. Fundi ataapa kwamba laini haina shida, na kweli haina! Tazama njia ya kurudi kwa mtumaji, uilinganishe na mlango ambao picha inaingilia. Zikitofautiana, irekebishe njia hiyo.

Majaribio yafanywe siku moja kabla ya kikao, si asubuhi wazee wakiwa wameshaketi. Haya, tuanze na Ruiru: nani ana swali?