Mshika Mizani wa Tatu



Leo nataka kusema nanyi habari za watu wanaofika kwenye halmashauri zetu kila mwaka, hufungua madaftari, huuliza maswali, kisha huenda zao. Wengi wetu hatuwajui hata kwa sura. Hao ni wakaguzi wa hesabu.

Kabla ya kueleza kazi yao, nawakumbusha jambo la hapa kwetu Usukuma. Zamani mkulima wa pamba alibeba mzigo wake mwendo mrefu mpaka kituoni, na huko mizani ilishikwa na mnunuzi. Mkulima aliambiwa uzito, akapokea fedha, akarudi nyumbani akinung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakafanya shauri la akili: wakaweka vituoni wapimaji wasiokuwa watumishi wa mnunuzi, kazi yao kuangalia mizani tu. Katika chanzo hicho Bwana Paul Bomani na wenziwe walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa Shirikisho la Victoria.

Sasa tazameni halmashauri. Yenyewe hukusanya ushuru, yenyewe hutumia fedha, na yenyewe huandika daftari. Sisemi kwamba watumishi wake ni wezi. Walio wengi ni watu wema. Lakini hata sisi walimu, ambao twajidhania kuwa waadilifu, hatupewi kusahihisha mtihani wa taifa wa wanafunzi wetu wenyewe. Hapana anayetukanwa kwa desturi hiyo.

Na mzigo ulio juu ya mizani hii si mdogo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Sheria ya fedha za serikali za mitaa kwa miaka mingi iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo, yaani katika kila shilingi 1,000 zilizouzwa, shilingi 3. Zaonekana chache, lakini hesabuni mauzo ya dhahabu ya mwaka mzima! Zaidi ya hayo, tangu mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mgodi wapaswa kupatana na halmashauri kila mwaka juu ya mambo utakayoifanyia jamii. Walakini dhahabu haioti tena kama pamba. Mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 kazi yake ikakoma. Fedha iliyopotea wakati mgodi ungali hai haina msimu wa pili.

Basi mshika mizani wetu ni nani? Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 143, yamtaja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Yampasa kukagua hesabu walau mara moja kila mwaka, na katika kazi hiyo halazimiki kufuata amri ya mtu. Taarifa yake humfikia Rais, kisha hupelekwa Bungeni. Hapo Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakuu wa halmashauri, iwe ya Msalala, Kishapu au Nyang'hwale, waje kujibu.

Uhuru huo haulindwi na wino peke yake. Profesa Mussa Assad alishika kazi hiyo mwaka 2014. Novemba 2019 aliondolewa baada ya miaka mitano, naye hajafikia umri wa kustaafu uliotajwa katika Katiba. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu, na mwaka 2022 ikaamua kwamba kuondolewa kule kulikuwa kinyume cha Katiba. Hukumu ilikuja miaka mitatu baadaye, na Profesa hakurudi kitini. Nami naona kwamba mpimaji akiweza kuondolewa kwa njia hiyo, yule amfuataye huenda akaangalia mlango zaidi ya kuangalia mizani.

Mkaguzi akimaliza hutoa hati. Iliyo njema huitwa hati inayoridhisha. Ikiwa sehemu fulani ina kasoro, huwa hati yenye shaka. Ikiwa hesabu zimepotoka mno, huwa hati isiyoridhisha. Tena yatokea mkaguzi akashindwa kutoa maoni kabisa, kwa sababu hakupewa madaftari ya kutosha. Na hilo ni baya sana.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, vigelegele hupigwa, kana kwamba kila kisima kina maji. Sivyo. Hati hiyo yasema kwamba hesabu zimeandikwa ipasavyo na zaonyesha hali ya fedha kwa haki. Zahanati yaweza kuandikwa vizuri daftarini, na mama mjamzito akaikuta haina dawa. Kwa ajili hiyo, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 yampa Mkaguzi Mkuu ukaguzi mwingine, uitwao wa ufanisi, ambao huuliza kama fedha ilileta manufaa yaliyokusudiwa.

Watu wasio wa serikali nao wamejaribu upimaji wa namna hii. Mpango wa Uwezo, kuanzia mwaka 2010, uliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto hadithi ya darasa la pili waisome. Wengi waliokwisha kulipita darasa hilo walishindwa. Madaftari ya shule yalikuwa yameandika kwamba watoto hao wamesoma. Habari hiyo ilituchoma walimu, na baadhi yetu tulikasirika kuliko ilivyofaa.

Enyi wa vijijini, mizani moja imo mikononi mwenu. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao hukutana kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi ya kijiji yapasa kusomwa. Msisitizeni msomaji asome polepole. Akitaja mifuko ya saruji, ulizeni imejenga ukuta gani, kisha nendeni mkautazame siku iyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika.