Hotuba ya Mwenyekiti: Kiwanja Chetu cha Kigamboni



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa 10. Tulianza wanawake 24 kwa kuweka shilingi 2,000 kila Jumamosi. Wapo waliosema hao watagombana kabla ya mwezi kuisha. Leo tuko hapa, na mwenye macho haambiwi tazama.

Mafanikio mengine katibu atayasoma kwenye risala. Mimi nitasema moja tu, la kiwanja, maana najua ndilo linalonong'onwa.

Akina mama, Kigamboni ya zamani sote tunaijua. Kwenda mjini ni pantoni, na pantoni likiharibika, basi tena. Mwezi Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, mita 680, kutoka Kurasini. Toka hapo watu wakawa wanavuka kutafuta ardhi, na mashamba ya mikorosho na minazi yakakatwa viwanja. Sisi tulinunua chetu kwa milioni 4. Sasa dalali kaleta mtu wa milioni 12, na baadhi yetu wanasema tuuze tugawane.

Simlaumu mtu, shida tunazo. Lakini tupige hesabu. Milioni 12 kwa watu 24 ni laki tano kila mmoja. Ada ya mtoto, deni la dukani, kitenge cha sikukuu, imekwisha. Na kwa laki tano hiyo hupati kiwanja upande ule tena. Dalali yeye ana haraka kwa sababu chake anakipata siku ya kuuza tu. Haraka yake isiwe yetu.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, tumalize upimaji, mawe ya mipaka yawekwe, tufuatilie hati. Karatasi ya serikali ya mtaa inasaidia kuonyesha mlikouziana, lakini si hati. Pili, hati isomeke kwa wadhamini wa kikundi tuliowachagua wenyewe. Isiandikwe jina la mwenyekiti hata kama mnanipenda, maana mimi nitakufa na watoto wangu watadai urithi. Tatu, tuanze na vyumba viwili vya kupangisha, kodi irudi kwenye sanduku. Mwenye shida akope humo kama kawaida.

Na kama wengi wataamua kuuza, basi tuuze kwa utaratibu: mkutano mkuu, muhtasari wenye sahihi, mwanasheria awepo, fedha ziingie benki. Hakuna kupokea kishika uchumba kwa mtu mmoja nyuma ya nyumba.

Nawageukia sasa wale walionunua viwanja vyao binafsi. Kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya ardhi uulize eneo limepangiwa nini, lisije likawa la barabara au shule. Waulize majirani wa pande zote nne. Mwanamume akikuuzia, muulize mke wake yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi jina lako liandikwe. Usiseme "ni cha baba watoto, kitu kimoja". Mwenzetu mmoja alisema hivyo, na mume alipofariki ndugu walimtoa na godoro lake.

Akina mama, uamuzi ni wa mkutano mkuu, si wangu. Nawaomba kila mmoja aje, aseme mbele ya wote, si njiani. Haba na haba ndiyo iliyotuletea kiwanja kile. Tusikimalize kwa siku moja.