NJIA YA BAISKELI NI SHAURI LA MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, fundi msaidizi wa reli, katika mkutano wa tawi, Nairobi)



Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni spana na grisi. Lakini Katibu alinitaka niseme machache juu ya skuta za umeme na njia za baiskeli mijini, kwa sababu ajua kwamba naja kazini kwa baiskeli. Wengine wenu mlicheka mlipoiona ajenda. Mlisema, "Tumekuja kuzungumza habari za mshahara, mbona twaletewa habari za baiskeli?" Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mcheke.

Kwanza, tufanye hesabu. Nikija kwa matatu, kwenda na kurudi ni shilingi 140 siku ya jua. Siku ya mvua sitaki hata kuitaja. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,640 kila mwezi. Baiskeli yangu hainidai kitu ila viraka, mafuta kidogo na mpira wa breki. Ndugu, tukimwomba mwajiri nyongeza ya shilingi 3,640 twaweza kukaa mezani mwaka mzima na tusiipate. Kwa hiyo njia salama ya baiskeli ni sehemu ya mshahara. Asiyekuwa nayo hukatwa mshahara kila siku, ingawa makato hayo hayaandikwi katika karatasi ya malipo.

Pili, nawakumbusha habari ya mwenzetu wa zamu ya alfajiri, ambaye wengi mwamjua. Mwaka jana aligongwa na matatu akija kazini. Njia ya baiskeli ilikuwapo mahali pale, lakini ilikuwa imejaa motakaa zilizoegeshwa, ikambidi kuingia barabarani. Dereva hakusimama. Mwenzetu alivunjika mfupa wa paja, akalala miezi mitatu. Mshahara ulikuja mtupu, bila ovataimu. Mkewe aliuza cherehani. Baiskeli yenyewe ilikwenda kwa mnunua vyuma vikuukuu. Sisi tulichanga, tukampelekea, tukarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani aliyeruhusu motakaa zile kusimama pale.

Watu wa reli tusingalikubali jambo kama hilo kazini mwetu. Katika laini moja dereva haingii mpaka apewe ruhusa, ili magari mawili yasikutane uso kwa uso. Hatusemi, "Kila mtu awe mwangalifu, Mungu atasaidia." Twaweka kanuni, na anayeivunja huulizwa. Mbona basi mtu akitoka nje ya lango la stesheni aachwe ajitetee mwenyewe kati ya lori na ukuta?

Sasa mtauliza, skuta za umeme zaingia wapi? Zaingia hapa: kila chombo kipya kikija mjini hutafuta nafasi yake, na kama hakuna kanuni, huichukua kwa yule aliye mnyonge. Tutazame mji mmoja uliokwisha kupita njia hiyo, nao ni Paris, mji mkuu wa Ufaransa.

Skuta ninayoisema ni kibao chenye magurudumu mawili madogo na usukani mrefu. Mtu husimama juu yake, na betri humpeleka. Katika mwaka 2018 makampuni yalizileta Paris na kuzimwaga barabarani ili watu wazikodi kwa simu. Muda si muda zilikuwa maelfu kwa maelfu. Zilipita juu ya njia za watu wa miguu, na mtu akimaliza safari yake aliitupa yake popote, hata mbele ya mlango wa kipofu. Katika mwezi wa Juni 2021 mama mmoja kijana, aliyekuwa akitembea kando ya mto Seine, aligongwa na skuta iliyochukua watu wawili, akafa.

Na kazi ilikuwa ya namna gani? Hapa ndipo mfanya kazi anapotakiwa kutega sikio. Mwanzoni vijana walizikusanya skuta hizo usiku, wakazipeleka kwao kuzitia umeme, wakazirudisha alfajiri. Walilipwa kwa kuhesabu skuta moja moja. Kampuni haikuwaita waajiriwa wake. Kila mmoja aliandikwa kama mfanya biashara wa peke yake. Akiugua, shauri lake. Chombo kilikuwa kipya, lakini kibarua kilikuwa kile kile cha zamani.

Katika mwaka 2020 mji ulipunguza makampuni yakabaki matatu, kila moja na skuta 5,000. Hata hivyo malalamiko hayakwisha. Mwishowe wenyeji waliitwa kupiga kura, tarehe 2 Aprili 2023. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 1,300,000. Waliofika ni kama 103,000, yaani hawakutimia 8 katika kila 100. Kati ya hao waliofika, 89 kwa mia walisema skuta za kukodi ziondoke. Mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka ule ule zikaondolewa. Makampuni yalilia kwamba kazi za mamia ya watu zitapotea, lakini kura ilikuwa imekwisha hesabiwa.

Mimi siwaambii kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya au mzuri. Nawaambia jambo moja tu: watu 92 katika kila 100 walikaa nyumbani, na wale 8 wakawaamulia. Anayenyamaza huamuliwa.

Tena tusikosee kudhani kwamba Paris waliondoa kila kitu. Skuta ya mtu binafsi yaruhusiwa hata leo. Na njia za baiskeli ziliongezwa. Barabara kubwa ya Rivoli, iliyokuwa imejaa motakaa, ilipewa baiskeli sehemu yake kubwa katika mwaka 2020. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba ndani ya mji ule safari za baiskeli zimezipita safari za motakaa. Hayo hayakuletwa na mashine. Yaliletwa na kanuni, fedha, na zege la kuzuia magari.

Na hata Uholanzi, ambako leo kila mtu apanda baiskeli, njia hizo hazikuota kama nyasi. Katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara za nchi ile, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani, wakazifunga, wakadai. Ndipo serikali ikasikia.

Turudi nyumbani. Hapa Nairobi zaidi ya safari 4 katika kila 10 ni za miguu. Hao ndio sisi. Za baiskeli ni chache sana, si kwa kuwa watu hawazitaki, bali kwa kuwa wanaogopa. Katika mwaka 2015 Kaunti yetu iliandika siasa yake juu ya watu wa miguu na wa baiskeli, na humo iliahidi kwamba 20 kwa mia ya fedha za usafiri na barabara zitatengwa kwa ajili yao. Ahadi hiyo imeandikwa, si uvumi. Je, ni nani kati yetu aliyekwenda kuuliza zimetumika ngapi? Mkono sioni. Hata mimi sikwenda.

Na mgeni yumo mlangoni. Pikipiki za umeme zimekuwa nyingi katika mji huu, na vituo vya kubadilishia betri vyafunguliwa. Mimi sizichukii. Hazina moshi, na kijana wa bodaboda akipunguza gharama ya petroli, mtoto wake atakula. Lakini zikipita katika njia ya baiskeli kwa kasi, bila mlio wa kumwonya mtu, mwenzetu mwingine atavunjika mfupa. Na kijana anayeilipia kidogo kidogo kila siku, yafaa tujue mkataba wake wasemaje siku akianguka. Huyo naye ni mfanya kazi. Tusigombane naye juu ya mita mbili za lami huku motakaa ya tajiri imeegeshwa hapo hapo. Hilo ndilo wanalolitaka.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi matatu.

La kwanza: tawi liandike barua kwa Kaunti kuuliza ile 20 kwa mia, mwaka kwa mwaka, imekwenda wapi. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na makadirio ya Kaunti hupelekwa bungeni kwake kabla ya tarehe 30 Aprili. Tuwachague watu watano waende kwenye vikao hivyo. Mimi niandikeni wa kwanza.

La pili: tumwombe mwajiri atupe banda lenye kufuli la kuwekea baiskeli, na mahali pa kunawa. Ombi hili halimgharimu hata bei ya gurudumu moja la behewa.

La tatu: tuwaite wenzetu wa bodaboda, wa petroli na wa umeme, tukae nao, tupatane juu ya njia hizo kabla hatujapatanishwa kwa nguvu.

Mwenzetu amerudi kazini tangu mwezi uliopita. Ameketi pale nyuma na mkongojo wake. Sasa anakuja kwa matatu, na nauli yamla. Nilimwuliza kama atapanda baiskeli tena. Akaniambia, "Nitengenezee njia kwanza."

Ndugu, jibu lake liko mikononi mwetu. Kidole kimoja hakivunji chawa.