Fimbo ya Uwanjani na Kinga ya Njiani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana wao, siku ya Iddi)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi wameliuliza katika mikutano yetu. Wapo vijana wetu ambao jioni, wakisha kutoka baharini au dukani, hukutana uwanjani kucheza fimbo. Na hao hao, siku nyingine, hujifunza namna ya kujihami: kujinasua mtu akishikwa kwa nyuma, kumkwepa mwenye kisu, kuanguka bila ya kuvunjika. Wazazi wauliza: je, mambo haya mawili ni kitu kimoja? Na mtu asiye askari wala bingwa, mwenye nyavu zake za kutunza na watoto wake wa kulisha, apate wapi wakati wa yote mawili, na yamfae nini?

Jawabu langu ni kwamba yote mawili yafaa, lakini kila moja lina mahali pake, na madhara huanza pale mtu anapolichukua moja na kulipeleka mahali pa mwenziwe. Katika nchi yetu hii, kwa mambo yaliyotupata, kosa hilo laweza kuwa zito kuliko kwingine.

Kwanza, asidhani mtu kwamba mchezo wa silaha ni jambo geni katika dini. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao zao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Iddi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha naye akiwatazama mpaka aliposhiba. Sayyidna Umar alipotaka kuwazuia aliambiwa awaache. Lakini Mtume huyo huyo aliamrisha kwamba apitaye msikitini na mishale ashike ncha zake kwa mkono, asije akamjeruhi Mwislamu. Na akakataza mtu kumwelekezea nduguye silaha. Basi furaha ya mchezo imeruhusiwa, na ncha imeshikwa. Yote nitakayoyasema baadaye ni matawi ya mambo hayo mawili.

Natutazame mchezo wenyewe. Kule Lamu, na katika kisiwa cha Pemba cha Zanzibar, mchezo wa fimbo huitwa kirumbizi. Watu hufanya duara, ngoma hulia na zumari huitika, wawili huingia kati wakazungukana; mmoja hupiga na mwenziwe hupangua, na akitoka mmoja huingia mwingine. Lamu huonekana khasa siku za Maulidi. Huko Misri ya juu wana mchezo wao wa fimbo ndefu uitwao tahtib, ambao zamani ulikuwa ni mafunzo ya vita na leo ni mchezo wa harusi na sherehe. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Anayeucheza vyema husifiwa kwa namna anavyoizuia fimbo yake, isimwumize mwenziwe.

Ama Wazungu wana mchezo wa vitara, ambao umo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Nao haukubaki kwao peke yao. Mwaka 2012, katika jiji la London, Mmisri Alaaeldin Abouelkassem alipata nishani ya fedha, nayo ilikuwa nishani ya kwanza ya vitara kupatwa na Mwafrika. Na mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, binti Mwislamu wa Marekani, Ibtihaj Muhammad, alisimama na hijabu yake chini ya kinyago cha chuma, akapata nishani ya shaba pamoja na wenziwe. Nawataja hawa ili binti zetu nao wasikie.

Sasa nataka mzingatie sheria za vitara, kwa sababu ndani yake mna funzo letu la leo. Silaha zao ni tatu, ambazo kwa Kireno huitwa florete, espada na sabre. Mwenye florete hupata alama akigusa kiwiliwili tu. Akigusa mkono au mguu haihesabiwi. Mwenye sabre hugusa kuanzia kiunoni kwenda juu. Mwenye espada hugusa popote, na wakigusana wote wawili kwa wakati mmoja, yaani ndani ya sehemu kama 1 kati ya 25 ya sekunde, kila mmoja huandikiwa alama yake. Hizi ni sheria nzuri, zimewekwa ili mchezo uwe na akili na usiwe vurugu. Lakini fikirini: njiani usiku, mwenye kisu akikukata mkono, je, utasema haihesabiwi? Na mkijeruhiana wote wawili, nani kati yenu aliyeshinda?

Hapo ndipo mambo mawili yanapoachana. Mchezo una duara, una mwamuzi, una salamu ya kuanza na ya kumaliza, na una mtu wa pili ambaye amekubali. Lengo lake ni kumgusa mwenzio, na kisha mrudi nyumbani pamoja. Kujihami hakuna duara. Huyo mtu wa pili hukumchagua, wala hujui ana wenzake wangapi nyuma ya ukuta. Lengo lake ni moja tu: ufike kwako salama, wewe na uliofuatana nao. Ikiwa waweza kufika kwa kumpa mwizi fedha zake, umejihami. Ikiwa waweza kufika kwa kupiga kelele au kukimbia, umejihami vyema zaidi. Dini yetu imempa heshima kubwa mtu auawaye akiitetea mali yake na ahali zake, lakini haikumwamrisha ayatafute mauti kwa ajili ya mkoba. Na pale shari inapokatika, mkono nao hauna budi kusimama, maana kupindukia mpaka kumekatazwa hata kwa aliyeanzwa.

Kijana aliyezoea uwanja peke yake akikutana na hatari husimama akazunguka, akangoja apigwe ili apangue. Na hatari haimngoji. Huyo amepeleka mchezo njiani. Na kijana aliyezoea mafunzo ya kujihami peke yake, akiingia uwanjani hupiga kama apigaye adui. Hulenga jicho, hukanyaga goti, na jioni moja humtia mwenziwe kilema. Huyo ameleta njia uwanjani. Wa kwanza huumia yeye, na wa pili huumiza rafiki yake.

Hata hivyo, kila jambo lina zawadi kwa mwenziwe. Katika fimbo mtu hujifunza umbali: kujua, bila ya kufikiri, kama mkono wa mtu waweza kukufikia au haukufikii. Hujifunza miguu, maana apigwaye sana ni yule aliyesahau miguu yake. Hujifunza kutazama bega la mtu badala ya mkono wake. Na juu ya yote hujifunza kupigwa bila ya kughadhibika. Mtume ametufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awabwagaye watu, ila yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Na mahali pa kuijaribu nafsi hiyo ni pale fimbo ya rafiki inapokuwasha kidoleni mbele ya watu wote. Mafunzo ya kujihami nayo humpa mchezaji unyenyekevu. Humjulisha kwamba sifa zote alizozipata katika duara hazimfanyi kuwa chuma.

Nami hapa sina budi kusema lililo zito. Twaishi katika pwani ambayo tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, imeona panga likitumiwa kwa jambo ambalo hakuna mchezaji wala Mwislamu awezaye kulitazama. Mji huo ulishikwa tangu Agosti 2020 hata Agosti 2021. Palma iliingiliwa tarehe 24 Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu wa jimbo letu walihama makwao. Kila aliyepo hapa ana wake aliyempoteza.

Kwa hiyo, vijana wangu, asiwadanganye mtu kwamba fimbo au mkono mtupu ni kinga ya bunduki. Walionusurika Palma walinusurika kwa majahazi na mashua mpaka Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, na kwa miguu porini mpaka Nangade na Mueda. Hao walijihami, wala hapana aibu katika kukimbia kwao. Wazee wetu wa zamani walilijua jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka bahari kutoka Bukini kwa mitumbwi yao, wakateka watu na kuchoma vijiji katika visiwa vyetu. Ngome ya Ibo ilikuwa imekwisha kujengwa, mwaka 1791; lakini mtu wa kijiji cha mbali kinga yake ilikuwa ni kuwa macho, kuwahi kujua, na kuondoka mapema na watoto.

Tena kumbukeni kwamba kabla ya mwaka 2017 masheikh na wazee wa jimbo hili walikwisha kuwaonya wenye amri juu ya kikundi kilichojitenga na misikiti yetu na kuwavuta vijana kando. Shari ile ililelewa katika siri. Basi vijana wakionekana wakifanya mazoezi kichakani usiku, jirani ataogopa, na askari atashuku, na hatuwezi kuwalaumu. Kwa sababu hiyo wapo waliosema tuyapige marufuku mazoezi yote. Mimi sioni hivyo. Kijana asiyekuwa na uwanja wa wazi, wenye wazee na kicheko, ndiye anayekuwa mwepesi kuitika aitwapo gizani. Lakini uwanja huo ni lazima uwe na masharti, nami nayataja mbele yenu.

Mazoezi yawe mchana, mahali pa wazi, na mkuu wa mtaa awe na khabari. Mzazi yeyote aweze kuja kukaa na kutazama. Mwalimu atakayewaambia vijana wasiwasimulie wazazi wao wanachofundishwa, aondolewe siku hiyo hiyo. Uwanjani isiletwe silaha yenye makali, hata kwa maonyesho. Uso usipigwe, kwa mchezo wala kwa hasira, maana hilo limekatazwa waziwazi. Na anayeweza kupata cha kukinga macho akivae. Neno "basi" likisemwa, fimbo zote ziteremke. Aliyeghadhibika atoke duarani, anywe maji, akae. Adhana ikisikika, mchezo umekwisha.

Ama juu ya wakati, shauri langu ni jepesi. Kwa mtu mwenye kazi zake, jioni mbili za fimbo na moja ya kujihami katika wiki zatosha. Fimbo ipewe zaidi kwa sababu ustadi wake haumaliziki, na kwa sababu furaha ndiyo irudishayo watu. Kujihami ni mambo machache: kujinasua, kuanguka, kukwepa, kuita, kukimbia, hayo yarudiwe mara kwa mara mpaka yawe tabia, wala yasiongezwe madoido. Yasifanywe katika jioni moja, ili mwili ujue leo uko wapi. Siku ya kujihami isiwe na ngoma wala washangiliaji. Nao wanawake wapate siku yao na mwalimu mwanamke, kwani apitaye njia ya kisimani na ya sokoni mara nyingi ndiye wao.

Wazee wangu, nawaombeni jambo moja. Jioni zile za uwanja, njooni. Chukueni mkeka, kaeni, mtazame. Macho yenu juu ya vijana hawa ni kinga kubwa kuliko yote niliyoyataja, na ndiyo kinga ambayo kila mmoja wetu anaweza kuitoa tangu leo.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutoka, awarudishe kwa salama waliohama, awape vijana wetu nguvu zenye adabu, na aifanye pwani yetu kuwa pwani ya amani. Amin.